Kidole Changu na Buibui wa Majuu

Kuna watu mpaka leo watakuambia kwamba yule buibui wa majuu, wa kutoka ng'ambo, aliua mzee mmoja mtaa wa Tena, huku Eastlands ya Nairobi. Hakuua mtu. Mzee mwenyewe ni mimi, na wakati huo hata mzee sikuwa, nilikuwa na miaka hamsini na kidogo. Ila mtu akiota mvi mapema mtaa mzima humwita mzee, na mimi mvi zilinianza nikiwa bado natafuta mke.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi. Kabla ya hapo nguo mpya ilikuwa ni ya Krismasi, na Krismasi nyingine ilipita bila nguo. Halafu ghafla kila mtu akawa anavaa. Ukienda kanisani unaona suti, unaona kina mama na kofia za manyoya kama kuku wa sherehe. Mwaka wenyewe siukumbuki. Nakumbuka mwezi, ulikuwa wa pili, maana jua lilikuwa kali na mfereji wetu ulikuwa ukitoa maji siku moja, siku mbili unakohoa tu.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili, sita vinatazamana na sita, mfereji katikati, lango mbele. Changu kilikuwa cha mwisho karibu na choo. Nilikuwa natengeneza akala kule soko la Kariokor, zile ndala za tairi. Baba yangu kwetu Ukambani alikuwa mchonga vinyago na alitaka nimfuate, lakini mimi mti sikuuweza. Mti ukiukosea umeukosea. Tairi ukilikosea unakata kiatu cha mtu mwenye mguu mdogo zaidi, maisha yanaendelea.

Chumba cha pili kutoka langoni alikaa mama mmoja wa kutoka magharibi. Mume wake alikuwa amefanya kazi kiwandani mpaka akafa, akamwachia watoto watatu na cherehani. Ile cherehani aliiuza, akaingia biashara ya mitumba. Alikuwa akitandika gunia nje ya lango na kufunga waya kutoka nguzo moja hadi nyingine, nguo zinaning'inia hapo. Mtu mpole, lakini ukimwomba apunguze bei alikuwa anakutazama mpaka unaona haya.

Sasa, kulikuwa na desturi pale kwetu. Robota la nguo halikufunguliwa barabarani. Lilifunguliwa ndani ya ploti kwanza, Jumamosi mchana, ili majirani wachague kabla ya watu wa nje. Hizo nguo nzuri za kwanza watu wa mitumba huziita kamera. Mama yule alisema yeye hawezi kuuzia wageni kamera wakati aliyemshikia mtoto akiwa sokoni ni jirani, na aliyemkopesha jiko ni jirani. Na kazi ya kukata zile kamba za plastiki za robota ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kisu cha maana. Nikishakata, robota linapumua, puu, linavimba kama mandazi, na watu wanaingiza mikono. Mfukoni mwa nguo za wazungu tulikuwa tunaokota mambo. Siku moja nilipata ufunguo. Nikakaa nao muda mrefu nikifikiria kuna mtu huko amesimama nje ya mlango wake.

Jumamosi hiyo lilikuwa robota la makoti na sweta. Nilikata kamba, nikaingiza mkono wa kushoto kuvuta koti la juu, na kitu kikatoka kwenye mkono wa lile koti kikapita juu ya mkono wangu. Cheusi. Kinang'aa kama kiatu cha askari. Miguu mirefu, myembamba, na tumbo la mviringo kama kifungo cha shati. Kikaanguka chini, kikakimbilia upande wa mfereji, kikaingia kwenye ufa wa saruji. Basi. Hata dakika haikuisha.

Kwetu nyumbani buibui hauawi hovyo. Akishuka na uzi wake mlangoni tunasema mgeni yuko njiani. Kwa hivyo mimi sikushtuka sana. Aliyeshtuka ni karani. Huyu alikuwa jirani yetu, anafanya kazi ya ofisi mjini, na gazeti likimaliza kusomwa na mkubwa wake yeye alikuja nalo nyumbani.

"Msiguse kitu!" akasema. "Huyo ni yule mweusi. Jike. Nimesoma habari zake. Hawa hawako Kenya. Akikuuma, mishipa inakaza, pumzi inakatika."

"Karani, umejuaje ni jike?" mama mmoja akauliza. "Ulimwinua rinda?"

Watu wakacheka, lakini karani hakucheka. "Anakula mume wake," akasema. "Akishamaliza naye, anamla."

"Hata hapa ploti wako," yule mama akasema, na wanaume wawili watatu wakaitikia kwa sauti kama kanisani. Hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka kwa siku kadhaa.

Kufika jioni buibui alikuwa ameshakua. Pale langoni alikuwa kifungo. Penye duka la unga alikuwa sahani ya kikombe. Nilikutana na mtu ametoka mtaa wa Komarock akaniambia, bila kujua anaongea na nani, kwamba Tena kumetoka buibui mwenye nywele, ukubwa wa kiganja, analia kama mtoto mchanga. Nikamwambia pole. Wengine walisema zile nguo ni za marehemu, na buibui alikuwa ametumwa azifuate. Wakati ule habari za kuabudu shetani zilikuwa kila mahali, kwa hivyo hata hilo lilipata wasikilizaji.

Watu wakaanza kujikinga. Kuna waliomwaga mafuta ya taa mlangoni, kuna waliomwaga majivu, mimi niliweka ugoro. Matambara yakashindiliwa chini ya milango, na joto lile, watu wakapikika vyumbani kama viazi. Kila buibui wa nyumbani aliuawa, hata wale wadogo wa kwenye dari waliokuwa wakitusaidia na mbu, na mbu wakatuingia kama wameitwa. Jirani mmoja alienda kuazima kuku kwa shemeji yake, akamfunga pale mfereji penye ule ufa, eti atamla buibui akichungulia. Kuku alikaa siku tatu, akataga yai moja, akarudishwa.

Nikisimulia hivi mtu atadhani nawacheka. Siwacheki. Mlango wa pili kutoka kwangu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miezi minne. Kabla ya huyo alikuwa amezika wawili. Tangu ile Jumamosi hakumlaza mtoto kitandani. Alimbeba mgongoni akipika, akifua, akiota jua, na akichoka alikaa kwenye stuli akamweka mapajani. Ukimwona macho yake yalivyokuwa mekundu, ungemwambia nini? Kwamba ni buibui tu?

Jumapili asubuhi niliamka kidole gumba cha mkono wa kushoto kimevimba. Kile kile cha mkono aliopita buibui. Kilikuwa kinadunda kama kina moyo wake.

Nilitoka kunawa, mama mmoja akakiona. Hakuniuliza habari ya asubuhi. Alipiga yowe. Ploti nzima ikatoka, wengine na povu la sabuni usoni.

"Alikuuma?" karani akaniuliza.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na niliyeyaharibu ni mimi. Sikuwa nimeumwa kwa kujua. Lakini watu kumi na kitu wananitazama, wanawake wameshika vifua, na mimi maisha yangu yote sijawahi kutazamwa hivyo. Nikasema, "Nadhani nilihisi kitu."

Nadhani nilihisi kitu. Hayo maneno matatu yalitosha.

Yule mama wa mitumba alirudi chumbani kwake, na baada ya muda akaja na bakuli la uji wa wimbi, wa moto, umetiwa ndimu na sukari. Akaniwekea kiti kivulini. "Kunywa, mzee," akasema. "Ni mimi nimekuletea balaa hii."

Uji ule. Lazima niseme ukweli. Mke wangu alikuwa nyumbani Kitui na watoto na shamba, mimi nilikuwa naenda mara mbili au tatu kwa mwaka. Miaka kumi na tano nilikuwa nimejipikia sukuma yangu mwenyewe. Nikiugua, nilikuwa nageukia ukutani mpaka nipone. Sasa nikawa naletewa uji asubuhi, chai mchana, mtu anakuja na ndizi, mwingine na maziwa, kina mama wa maombi wananiwekea mikono kichwani wakilia machozi ya kweli. Kidole kilikuwa kinauma, sitadanganya. Lakini sehemu nyingine zote za mwili zilikuwa zimestarehe.

Huku mimi nastarehe, yule mama wa mitumba alikuwa anaisha. Jumatatu alitandika gunia lake langoni kama kawaida, na watu walihamia upande wa pili wa barabara ili wasipite karibu. Mmoja alimrudishia blauzi aliyonunua mwezi uliopita, akiishika kwa kijiti. Watoto wake waliambiwa wasicheze na wenzao. Kisha wanaume wa ploti wakakutana wakaamua: robota lote lichomwe Alhamisi jioni, na yeye asilete nguo nyingine hapo tena. Kama hataki, atafute ploti nyingine. Wakamwita wakamwambia. Yeye akajibu tu, "Kama nguo zangu zimeleta kifo kwa mzee, mimi mwenyewe sizitaki."

Cherehani alishauza. Robota ndilo hilo. Baada ya hapo kilichobaki ni kurudi magharibi na watoto watatu kukaa kwa wakwe. Mimi hayo yote niliyajua, kwa sababu nilikuwa nimekaa kivulini pale pale wakiyasema.

Jumanne nikaenda kliniki. Yule muuguzi alikuwa mama mnene mwenye haraka. Nilimweleza habari za buibui tangu mwanzo, na yeye akawa anabonyeza kidole tu.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Viatu. Akala."

"Za tairi?"

"Za tairi."

"Na tairi lina nini ndani?"

"Upepo," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akachukua kibanio, akaniambia niangalie dirishani. Nikasikia moto umenipanda mpaka kwapani. Nilipogeuka alikuwa ameshika kitu mbele ya mwanga, chembamba kama unywele, urefu kama punje ya mchele.

"Buibui wako huyu ana mifupa ya chuma," akasema.

Waya. Kila mtu wa Kariokor anajua kuna tairi za nyuzi na tairi za waya. Za nyuzi ndizo za akala, zinakatika vizuri. Za waya tunaziepuka, maana ukikata, zile waya hujificha kwenye mpira na kukuchoma bila kukuaga. Lakini wiki ile za nyuzi zilikuwa zimeadimika, nikachukua ya waya, nikaikata Ijumaa kutwa nzima. Kazi yangu ya miaka yote, na sikuifikiria hata mara moja. Nilifikiria buibui kwa sababu kila mtu alikuwa anafikiria buibui.

Aliuzungushia waya pamba akanipa, akanifunga kidole, akaniambia nenda kazini.

Ningesema hapa kwamba nilikimbia nikaenda kuwaambia watu. Sikukimbia. Nilienda polepole, na nilipofika langoni yule mama akasimama akaniuliza, "Wamesema nini, mzee?" na mimi nikasema, "Wamesema nipumzike." Jumatano asubuhi uji ukaja. Niliunywa. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni karani akaja kunisomea gazeti, nikajiambia nitasema kesho. Nilikuwa naona haya, hilo moja. La pili, nilikuwa naogopa kile kiti cha kivulini kitarudishwa ndani.

Alhamisi kama saa kumi na moja walikusanyika pale tunapochomea takataka, kando ya lango. Karani ameshika galoni ya mafuta ya taa. Nilidhani wanaume ndio watakaotoa robota, lakini yule mama alikataa, akatoa nguo zake mwenyewe. Na hakuzitupa. Alichukua moja moja, akaikung'uta, akaikunja, mikono nyuma, kola juu, vile anavyokunja akimfungia mteja, akaiweka kwenye lundo. Anakunja nguo za kuchomwa. Mtoto wake wa kwanza, msichana, akaja akachuchumaa akaanza kumsaidia, naye anajua kukunja vile vile.

Hapo sikuweza.

"Ngojeni," nikasema.

Nikafungua ile pamba, nikawaonyesha waya, nikawaambia muuguzi alivyosema. Nilitarajia watu watashukuru. Wapi.

"Waya ni wako," karani akasema. "Sumu ni ya buibui. Vyote vinaweza kuwa pamoja."

"Mzee amelipwa kwa uji," mwingine akasema.

Kijana mmoja akasema, "Buda, hiyo sumu imekupanda kichwa. Kaa chini."

Nikawajibu, wakanijibu, kelele zikapanda. Kisha yule mama wa kitoto akasogea mbele, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. "Mzee," akaniambia, "na kama unatuficha kitu? Wewe ni mtu mzima, ukifa umeishi. Mimi nina huyu."

Waya mdogo kama ule hauwezi kumjibu mtu kama yule. Nikaenda kwenye lundo, nikachukua koti la juu kabisa, lile lile lililotoa buibui, zito, jeusi, lenye kola ya manyoya, nikalivaa. Nikafunga vifungo vyote. Kisha nikakaa chini nikaanza na zile nyingine: natia mkono kwenye mkono wa sweta mpaka bega, natoa, nageuza mifuko nje, naweka kando. Moja baada ya nyingine. Jua la mwezi wa pili, na mimi nimevaa koti la theluji. Jasho lilinitoka mpaka nikawa sioni.

"Umekufa?" mtu akauliza baada ya muda.

"Bado."

"Sasa je?"

"Subiri, nimebakisha masweta ya watoto."

Hapo kicheko kikatoka mahali, cha kwanza tangu Jumamosi. Niligeuza robota lote. Tulipata sarafu moja ya kigeni na leso. Buibui mwenyewe hakuonekana, siku hiyo wala baadaye. Mimi nadhani alikufa kwenye ule ufa, na majivu na ugoro na mafuta ya taa yetu yote. Wakati mwingine humwonea huruma. Alilala kwenye mkono wa koti kwao, akaamkia Eastlands kwenye mayowe.

Karani alisimama na galoni yake mpaka giza likaanza kuingia, kisha akasema mafuta ni ghali, akaenda zake. Wengine wakamfuata.

Yule mama alibaki. "Ulienda kliniki siku gani?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Na leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Jana nilikuletea uji."

"Uliniletea."

"Na leo asubuhi."

"Na leo."

Alinitazama vile alivyowatazama waliomwomba apunguze bei. Kisha akasema, "Vua hilo koti. Ni la kuuza."

Nikavua. Akalikung'uta, akalikunja, akaingia ndani na binti yake, na kwa wiki tatu hatukuongea zaidi ya habari na nzuri. Uji haukuja tena, na sikuwa na uso wa kuutamani.

Alitandika gunia lake siku iliyofuata. Hakuna aliyemfukuza, lakini pia hakuna aliyenunua. Kutofukuzwa hakulishi watoto. Alikaa Ijumaa, akakaa Jumamosi, Jumatatu akakaa. Nilikuwa nikitoka kazini napita pale na kumwona anapangua nguo zilizopangwa na kuzipanga upya.

Jumanne yule mama wa kitoto akaenda pale gunia, akasimama mbali kidogo. Akanyoosha kidole kwenye sweta ndogo ya manjano. "Hiyo inaweza kuchemshwa?" akauliza.

Mama wa mitumba aliingia ndani akatoka na jiko na sufuria, akawasha makaa pale pale langoni, akaichemsha ile sweta mbele yake kama mtu anayechemsha maharagwe, akiigeuza kwa mwiko. Akaianika. Ilipokauka akaipiga pasi ya makaa, ndani na nje. Ilikuwa imesinyaa ikabaki ndogo, lakini mtoto alivishwa hivyo hivyo, tumbo limechungulia.

Wanawake wakawa wanamwangalia yule mtoto. Siku ya kwanza walimwangalia kwa mbali. Ya pili pia. Siku ya tatu maji yalikuwa yametoka, foleni ya ndoo imefika langoni, na mama yake akaona wanavyomwangalia. Akamshusha mgongoni, akaipandisha ile sweta juu mpaka kwapani, akamgeuza mtoto mbele, akamgeuza nyuma. Mtoto akapiga chafya akacheka.

"Angalieni wenyewe," akasema.

Wakainama wakaangalia. Wakagusa, hata. Kisha mmoja wao, yule yule aliyerudisha blauzi kwa kijiti, akaishika ile sweta kwenye pindo akaikagua mshono, akauliza kwa sauti ya chini kama zimebaki nyingine za aina hiyo.

Mama wa kitoto mikono yake ilikuwa imejaa. Akamwelekeza langoni, penye gunia, kwa midomo.